Sindano ya Kakule Mwingine

Bluzi ya uuguzi ilikuwa nyeupe mpaka inaumiza macho. Uwingabire alikuwa ameipiga pasi jioni, na asubuhi akaipiga tena, kule kwa shangazi yake, katika mutaa wa Birere. Sasa alitembea katika koridori ya hospitali kama mutu anayebeba maji kwenye sahani: polepole, kifua mbele, akiogopa kumwagika. Furaha ndiyo ilitaka kumwagika. Infirmière, muuguzi kamili! Siyo stagiaire tena, siyo "weye musichana wa masomo, leta ndoo." Mugonjwa mumoja alikuwa amemuita "mama infirmière", na yeye akageuka nyuma kutazama ni nani anaitwa.

Volkano ilikuwa imeshuka mwezi wa kwanza, ikapita katikati ya muji, ikalala pale. Mvua ikinyesha, mawe meusi yalitoa moshi kama chungu cha maharagi. Na watu walikuwa wamekwisha kuanza kujenga juu yake, nyumba za mbao, maana Goma haijui kungoja. Lakini yale mawe yanakata kama chupa iliyovunjika. Kila siku miguu ilikuja hospitali, miguu ya watoto na ya wamama wa soko, na kila muguu uliokatwa ulitaka sindano ya tetanosi, ule ugonjwa wa pepopunda unaomufunga mutu taya.

Kazi hiyo ya sindano ndiyo Uwingabire alipewa siku yake ya kwanza. Aliyemupa ni Mama Mukakalisa, mukubwa wa wauguzi, mwanamuke mufupi ambaye hata madaktari walimupisha njia.

"Binti yangu," alimuambia, "mwezi mumoja nitakutazama. Ukiwa na woga, nitakufundisha. Ukiwa na uvivu kidogo, nitakufundisha. Lakini mwenye anapatia mugonjwa dawa ya mugonjwa mwingine, huyo sinaga somo lake. Anavua bluzi, anaenda kwao."

Kwao! Neno hilo lilimuchoma. Kwao ni Rutshuru, na Rutshuru kulikuwa na baba yake, Muzee Havugimana, ambaye hakupenda kazi hii hata kidogo. "Musichana wangu alale nje na wagonjwa wanaume?" alisema. Mwishowe akakubali, lakini kwa sharti: "Enda ujaribu. Wakikurudisha, maneno ya kuolewa na mutoto wa Habarurema tunayamaliza." Mutoto wa Habarurema alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache, na Uwingabire hakutaka ng'ombe hata mumoja wala neno hata moja.

Basi alipiga sindano vizuri. Watoto walilia, yeye akawaimbia. Mamamuke mumoja akamubariki. Mukono wake ulikuwa mwepesi na moyo ulikuwa mwepesi kuliko mukono. Katika kichupa cha mwisho ikabaki dozi moja. Akavuta dawa, akasimama mulangoni, akaita kwa sauti ya mutu mwenye cheo:

"Kakule!"

Sasa, mutu yeyote wa Goma anajua. Kwa kabila la Wanande jina la kwanza linafuata zamu ya kuzaliwa, halichaguliwi, kwa hiyo kila ukoo uko na Kakule wake, na ukiita Kakule sokoni, nusu ya soko inageuka. Uwingabire alilijua hilo kama anavyojua njia ya kwao. Lakini furaha, jamani! Furaha inasahaulisha mutu hata jina lake.

Akasimama kijana mumoja, murefu, na unga wa mbao kwenye nywele.

"Miye hapa."

"Ingia. Kunja mukono wa shati."

"Mama infirmière, lakini miye..."

"Nyinyi wanaume! Mumetembea juu ya moto wa volkano, na sasa kasindano kadogo hivi munatetemeka. Nyamaza. Tazama pale dirishani."

Hakutazama dirishani. Alimutazama yeye. Macho yake yalikuwa ya upole na ya kushangaa, kama mutu aliyefungua mulango wa jirani akakuta arusi. Uwingabire akasikia joto limemupanda shingoni. Akapangusa, akachoma, akachomoa.

"Imekwisha. Umeona? Sasa leta muguu tuoshe kidonda."

"Kidonda gani?"

"Kile kilichokuleta!"

"Kilichonileta ni mama yangu," kijana akasema polepole. "Amevunjika mukono. Yuko kitandani pale ndani. Miye ni garde-malade tu, ninamulinda."

Uwingabire akashusha sindano. Pale pale kukasikika fimbo, ko, ko, ko, na sauti ya muzee:

"Walikuwa wananiita? Nilienda kuosha muguu kwenye pipa. Miye ni Kakule. Kakule Védaste, wa Lac Vert."

Muguu wa muzee ulikuwa umefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimelowa damu. Alikuwa ameteleza juu ya mawe, na jiwe likaingia katika wayo, ndani kabisa.

Uwingabire akatazama kichupa. Hakuna kitu.

Kijana akaona uso wake, akaelewa yote. Akainama karibu, akanong'ona: "Usiogope. Niko na alama ya nyundo hapa kwa kidole. Nitasema nilikatwa, nilikuja kwa ajili ya sindano. Nani atajua? Muzee utamuambia arudi kesho."

Ulikuwa uongo muzuri, wa tayari, wa kuvaa tu. Uwingabire akautazama, akautamani. Kisha akatazama ule muguu.

"Na kesho asiporudi? Taya yake ikifunga, watoto wake nitawaambia nini?"

Akatoka mbio, bluzi ikipeperuka, akamukuta Mama Mukakalisa kwenye chumba cha kufunga vidonda.

"Mama, nimekosa. Nimechoma garde-malade. Mugonjwa mwenyewe bado, na ile ilikuwa dozi ya mwisho."

Mama Mukakalisa hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige kelele. Alivua glavu moja, akavua na ya pili.

"Depo ya chanjo kule chini karibu na ziwa wanafunga saa sita. Muzee wa Lac Vert anataka kuondoka mbele ya mvua kuanza, ninamusikia toka hapa. Chukua termosi. Dawa ikifika angali hapa, tutaongea. Akitoka kwa ule mulango bila sindano, weye utoke nyuma yake, na bluzi uiache."

Uwingabire akakumbatia termosi ya barafu, akakimbia mpaka kwenye kibaraza. Pikipiki hakuna. Toka jana zilikuwa zimepanga foleni kwa ajili ya mafuta ya essence.

"Mama infirmière!" Kumbe kijana alikuwa amemufuata. "Kuja. Niko na chukudu."

Chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ilikuwa imeegemea ukuta, ndefu, ya kazi, yenye kubebeshwa mbao za kujengea. Alikuwa fundi wa mbao, ndiyo sababu ya ule unga kichwani.

"Na muzee? Ataondoka!"

"Muzee nimemuachia mama yangu. Nimemuambia amushike na maneno."

"Na mukono uliovunjika?"

"Mama yangu hashiki watu kwa mukono. Kaa!"

Akakaa pale zinapolala mbao, termosi mapajani. Kijana akasimama nyuma yake, muguu mumoja juu, mwingine unasukuma chini.

"Nishike wapi?"

"Mahali unapoamini!"

Akashika suruali ya kijana kwenye goti, maana njia ilikuwa imekwisha kuanza kushuka.

Na Goma, kama munaijua, inashuka toka volkano mpaka ziwani bila kupumua. Chukudu ikalia kama ndege mukubwa. Upepo ukamuvua Uwingabire kitambaa cha kichwa, akakidaka kwa meno. Walipita juu ya barabara mupya ya mawe yaliyosagwa, walipita nyumba za mbao ambazo bado zinanuka msitu, walipita wamama wa makala, na wamama wakapiga vigelegele.

"Ee, infirmière! Leo mugonjwa njo anakubeba?"

"Bwana arusi, ongeza mwendo, padiri anangoja!"

"Hana hata klaksoni, masikini!"

Kwenye kona kulikuwa na barrière ya askari, kamba imefungwa njiani, maana ilikuwa miaka ya kamba na bunduki. Kijana akakanyaga kile kipande cha mupira nyuma, gurudumu likatoa moshi, wakasimama mbele ya kamba.

"Mumebeba nini mule?" askari akauliza.

"Barafu tu, tunaenda kuleta vichupa vya sindano," Uwingabire akajibu. "Munataka? Tukirudi ninaweza kuwachoma wote."

Askari akarudi nyuma. "Fungua kamba! Fungua, wapite! Miye hapana, sipendi ile kitu."

Walipoiacha kona, Uwingabire akacheka mpaka machozi, na akajistukia: mutu anayekaribia kufukuzwa kazi anacheka hivi? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Moyo wake ulikuwa unashuka na ile chukudu, na haukutaka frein ya kuusimamisha.

Muzee wa depo alikuwa na ufunguo mukononi, anafunga. Uwingabire akapiga kelele toka mbali kama muuza samaki. Ufunguo ukarudi mulangoni, vichupa vikalala kwenye barafu, kifuniko kikafungwa.

Kisha ilibaki kupanda.

Chukudu haipandi na mutu. Wakaisukuma wawili, bega kwa bega, termosi imefungwa juu kama mutoto. Walikwenda haraka, wakihema, na wakiongea kwa vipande.

"Weye mbona hukusema?" Uwingabire akauliza. "Ungesema tu: miye siye."

"Nilianza kusema. Ukaniambia ninyamaze."

"Na weye unanyamaza kila unapoambiwa?"

"Sijawahi. Uliza mama yangu." Akasukuma kidogo. "Na weye mbona ulisema? Nilikuwa nimekupatia uongo muzuri."

"Uongo ulikuwa muzuri. Muguu wa muzee ulikuwa mubaya."

Kijana akageuka kumutazama, na chukudu ikataka kuanguka shimoni. Wakaikamata pamoja. Mikono ikakutana juu ya usukani wa mbao, na hakuna aliyeharakisha kuondoa wake.

"Mikono yako inanuka alkoli," akasema.

"Yako inanuka gundi."

"Basi tumelingana."

Uwingabire akaangalia chini, akaona bluzi yake imepata vumbi jeusi toka kifua mpaka magoti. Akataka kuhuzunika, ikashindikana.

"Jina lako lote?" akauliza. "Nataka nilijue lote, leo nimepata somo."

"Kakule Kambere. Wa Butembo. Na mama anataka nirudi kule mara moja plâtre ya mukono wake ikitolewa." Akakohoa. "Kuna musichana anaitwa Katungu. Mama anasema anajua kusonga bugali."

"Na weye unasema nini?"

"Mara ya mwisho nilipomuona alikuwa na meno ya maziwa."

Uwingabire akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Butembo! Barabara ya Butembo siku zile ilikuwa inafungwa wiki hii, inafunguliwa wiki ile, na mutu akipita, kurudi ni neema ya Mungu. Akasukuma kwa nguvu zaidi, ili asiulize lingine.

Tone la kwanza la mvua lilianguka walipofika kwenye geti. Uwingabire akakimbia. Kibaraza hakuna muzee. Koridori hakuna muzee. Benchi tupu!

Kisha akasikia sauti toka chumba cha wanawake.

"Hapana, hapana! Huyo Muhindo unayemusema siye. Muhindo wangu alioa kule Musienene!"

"Njo huyo huyo! Bibi yake wa pili alikuwa dada ya mama mukwe wangu!"

Muzee Védaste alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, fimbo chini, muguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbele yake, mukono katika plâtre, mama mumoja mwenye uso mupana alikuwa akihesabu ukoo kwa vidole vya mukono wa pili. Walikuwa wamefika kwa babu wa babu na bado hawajapatana.

"Kakule Védaste wa Lac Vert!" Uwingabire akaita, akihema.

"Njo miye, mutoto. Lakini ngoja kwanza nimushinde huyu mama."

"Mwenye muguu wa kulia? Uliyekatwa na jiwe asubuhi?"

"Unataka na jina la ng'ombe wangu?"

"Nitaliuliza, muzee, kama ni lazima."

Mama Mukakalisa alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imekunjwa. Uwingabire hakugeuka. Alivuta dawa, akapangusa mukono wa muzee, akachoma. Muzee hakukatiza hata sentensi, aliendelea kumuambia yule mama kwamba shamba la Musienene halikuwa la Muhindo hata siku moja. Kisha kidonda kikaoshwa, kikafungwa kitambaa safi, na Uwingabire akasimama wima kungoja hukumu yake.

"Bluzi imechafuka," akasema Mama Mukakalisa.

"Ndiyo, mama."

"Ifue leo, ikauke. Kesho asubuhi ninaihitaji hapa, na weye ndani yake."

Uwingabire akapiga hatua moja mbele. Alitaka kumurukia shingoni. Akakumbuka cheo, akajizuia, kisha akasahau cheo akamurukia. Wagonjwa wakapiga makofi, hata wale wasiojua ni kwa sababu gani.

"Achia, utanivunja," Mama Mukakalisa akasema, lakini midomo yake ilikuwa inapigana na kicheko. Akamuelekea kijana. "Na weye, garde-malade. Ile sindano uliyopata bila zamu, hatuachi katikati. Ukianza unamaliza. Mwezi mumoja unarudi kwa ya pili."

"Na atakayenichoma ni nani?"

"Mwenye alianza."

Uso wa Kakule ukafunguka kama dirisha. "Na baada ya ya pili, mama, kuna ingine?"

"Miezi sita, ya tatu."

"Na kisha?"

"Mwaka, ya ine. Mwaka mwingine, ya tano. Halafu umekingwa, hata ulale juu ya misumari." Mama Mukakalisa akaondoka, kazi ilikuwa inamungoja.

Kakule akahesabu kwa vidole, taratibu, kama mutu anayehesabu baraka zake. Yule mama wa plâtre, Mama Kahindo, alikuwa anamutazama mwanawe, kisha anamutazama infirmière, kisha mwanawe tena. Mama hawezi kudanganyika.

"Ajabu hii!" akasema. "Miye navunjika mukono, weye ndiye unachomwa sindano. Kakule, usijisumbue. Hiyo ya pili utachomewa Butembo. Kule pia kuna hospitali, na kuna wasichana wa kwetu wenye kujua kuita mutu na jina lake lote."

Muzee Védaste akatazama fimbo yake. Kakule akageuka kwa Uwingabire, na macho yake yalikuwa yanamuomba kitu. Akauliza kwa sauti, mbele ya wote:

"Infirmière, niambie. Mutu ameanzia hapa. Anaweza kuchomwa ya pili kule Butembo, au dawa inaharibika?"

Lo! Neno moja tu lilitosha. Aseme "inaharibika", na nani angebisha? Alikuwa na bluzi, walikuwa na masikio. Uwingabire akafunga kifuniko cha termosi. Aliona ile barabara ya Butembo, inafungwa, inafunguliwa, na lori linaondoka na mutu mwenye unga wa mbao kichwani.

"Anaweza," akasema. "Dawa ni ile ile. Hakuna tofauti."

Akainama akaanza kukusanya pamba ambazo hazikuhitaji kukusanywa.

"Umesikia, mama?" Kakule akasema. "Dawa ni ile ile. Kule ninaweza, na hapa ninaweza."

"Si njo vile ninasema!"

"Basi kama ninaweza popote, ninachagua. Nitachomewa hapa. Ya pili, na ya tatu, na ya ine, na ya tano. Katungu mumutafutie mutu mwingine, mama, namuheshimu, lakini miye nimechomwa tayari."

Muzee Védaste akapiga fimbo chini kwa furaha. "Ee! Huyo ni Kakule!"

Mama Kahindo hakucheka. Alijikuna pembeni ya plâtre. Angeweza kulia, kwa kuwa mama anajua saa mwanawe anaondoka hata kama hajainuka kwenye kiti. Mwishowe akamuita Uwingabire kwa kidole.

"Weye. Ungeweza kumudanganya hapa, mbele yangu."

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukumudanganya?"

"Angekaa kwa ajili ya dawa, mama."

Mama Kahindo akavuta pumzi. Akasogea upande mumoja wa kitanda, polepole kwa sababu ya mukono, mpaka pakabaki nafasi ya mutu mumoja. Akapiga shuka pale na kiganja.

"Ikaa. Kwenu ni wapi?"

"Rutshuru, mama."

"Baba?"

"Havugimana."

"Na mama yako, alizaliwa kwa nani?"

Uwingabire akakaa, na bluzi yake yenye vumbi, na akaanza kujibu. Alitaja kila jina taratibu, maana alikuwa musichana aliyekulia kati ya wanawake, na alijua vizuri: hakuna mama anayeuliza mama yako alizaliwa kwa nani kwa sababu ya sindano.